Mwanangu anapelekwa kutazama kaburi la kale la Wakelti. Nimruhusu?

*"Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wawili, mwenyeji wa Tanga, tunaishi karibu na Ludwigsburg, Ujerumani. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa. Shule imetuletea barua kwamba darasa lao litakwenda makumbusho ya Wakelti kule Hochdorf kuona kaburi la mkuu mmoja wa zamani. Tangu barua ile ifike sina raha. Babu yake, baba yangu mzazi, alifariki mwezi wa pili. Mimi nilikwenda mazishini, mtoto akabaki huku, akaona kwenye simu tu jeneza likitolewa nyumbani. Mpaka leo analala taa ikiwaka. Mama mkwe anasema mtoto asipelekwe kutazama maiti, atarudi na mikosi. Mume wangu anasema hakuna maiti pale, ni vitu bandia, kwa hiyo ni kupoteza nauli. Mimi nijuavyo Wakelti ni watu wa Ireland, sasa kaburi lao linafanya nini Ujerumani? Na kuna jingine linaniuma: walichukua vichwa vya wazee wetu wakavifungia masandukuni, na makaburi ya kwao nayo wanayafukua waonyeshe watoto. Nimruhusu aende au nimzuie?"*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Pole sana kwa kuondokewa na mzee. Mungu amrehemu, na akutie nguvu wewe uliyezika kisha ukapanda ndege kurudi kwenye kazi na shule za watoto kabla machozi hayajakauka.

Umeuliza kuhusu maiti, mikosi, vitu bandia, Ireland na vichwa vya wazee wetu, na kila moja nitaligusa. Lakini ninavyoisoma barua yako, kinachokukosesha usingizi ni mtoto ambaye hakupata kumzika babu yake, na sasa shule inataka kumsimamisha mbele ya kaburi la mtu asiyemjua. Wasiwasi huo una msingi, usikubali mtu auite ushamba. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba anaweza kwenda, na huenda safari hiyo ikamsaidia, ila asiende bila kuandaliwa, na mwalimu wake aambiwe habari za msiba kabla ya siku yenyewe.

Tuanze na maiti, maana ndiyo inayoleta ubishi nyumbani kwenu. Makumbusho ya Hochdorf yalifunguliwa mwaka 1991. Ndani yake wamejenga upya chumba cha kaburi kwa ukubwa wake halisi, na vyombo vyote vya chumba hicho vimetengenezwa na mafundi kwa kufuata kilichopatikana ardhini. Umbo lolote la mtu atakaloliona kwenye chumba kile ni la kutengenezwa. Vyombo vyenyewe vya asili viko Stuttgart, katika Makumbusho ya Jimbo la Württemberg, ndani ya ile ngome ya zamani iitwayo Altes Schloss. Kwa hiyo kuhusu nakala mumeo amesema kweli. Ninapotofautiana naye ni kwenye nauli. Shaba iliyolala ardhini miaka 2,500 hugeuka kijani na kupasuka, mbao huoza, na kitambaa kikibaki hubaki vipande ambavyo mtoto wa miaka tisa atavipita bila kugeuza shingo. Chumba kilichojengwa upya kinamwonyesha jinsi mahali pale palivyokuwa siku kaburi lilipofungwa, rangi za nguo zikiwa bado kali na shaba ikimeremeta. Kwa mtoto, nakala nzuri inafundisha kuliko asili iliyochakaa. Asili nayo ina uzito wake, na akishapenda mambo haya mtampeleka Stuttgart siku nyingine.

Aliyezikwa pale ni mwanamume wa umri wa miaka 40 hivi, mrefu, zaidi ya mita 1.80, kimo cha kushangaza kwa watu wa wakati wake. Alizikwa takriban mwaka 530 kabla ya Kristo. Jina lake halijulikani, kwa sababu watu wake hawakuacha maandishi, na ndiyo maana vibao vinamwita tu "mkuu wa Hochdorf". Juu ya kaburi lake palijengwa tuta la udongo lenye kimo cha mita 6 na upana wa mita 60 hivi. Karne zilivyopita tuta lilimomonyoka na kulimwa mpaka likabaki mwinuko ambao mpita njia asingeutilia maanani. Mwaka 1968 mama mmoja aliyependa mambo ya kale, Renate Leibfried, ambaye hakuwa ameajiriwa kwa kazi hiyo, aliona mawe yakiibuliwa na plau mahali ambapo mawe ya aina hiyo hayakupaswa kuwapo, akatoa taarifa. Wataalamu chini ya Jörg Biel walichimba mwaka 1978 na 1979, maana kila msimu wa kulima plau ilizidi kuukaribia mwili wa kaburi.

Labda utajiuliza kwa nini wezi hawakuwatangulia. Makaburi mengi ya wakuu wa enzi ile yaliibwa zamani sana, mengine na watu walioishi karibu na wakati wa mazishi yenyewe. Hochdorf liliokoka kutokana na ujenzi wake na bahati kidogo. Chumba cha marehemu kilikuwa sanduku la mbao lenye upande wa mita 4.7, likawekwa ndani ya sanduku jingine kubwa lenye upande wa mita 7.5, na nafasi kati yake ikajazwa mawe. Mawe hayo yote kwa pamoja yalikaribia tani 50. Baada ya muda mbao zilishindwa kubeba uzito, dari likaporomoka, kila kitu kikabanwa. Mwizi asingeweza kuchomoa hata kikombe. Wachimbaji walipofika walikuta sufuria limebonyea, kitanda kimejikunja na gari limevunjika vipande vipande. Kurudisha vitu hivyo kwenye umbo lake kuliwachukua mafundi wa maabara miaka.

Nguo nazo zina kisa chake. Shaba inapoliwa na unyevu hutoa chumvi ambazo ni sumu kwa vijidudu vinavyoozesha. Kitambaa, ngozi au nyasi ikiwa imegusana na shaba, chumvi hizo huingia ndani yake na kuilinda. Kaburi la Hochdorf lilikuwa na shaba nyingi, na ndiyo sababu linajulikana duniani kwa vitambaa vyake. Ukitazama kwa hadubini unaona uzi ulivyosokotwa, mshono ulipopita, na hata mabaki ya rangi. Kwa hiyo zile nguo atakazoziona mwanao hazikubuniwa na mshona nguo wa siku hizi. Zimefumwa kwa kufuata nyuzi zilizohesabiwa kwenye vipande vya kweli.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye mazishi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapoona faida kwa mtoto wako. Watu wakisikia "kaburi la mkuu" hukimbilia dhahabu. Dhahabu ipo: mkufu mpana wa shingoni, kikuku, jambia lililofunikwa bati jembamba la dhahabu, na mapambo ya viatu. Lakini chini ya tuta wachimbaji walikuta mabaki ya karakana. Mafundi walikaa palepale kaburini wakitengeneza mapambo ya kumvisha marehemu. Lile jambia lilikuwa lake la siku zote, likavishwa dhahabu kwa ajili ya mazishi. Viatu vilikuwa vya ngozi, ngozi ikaoza, yakabaki mabati ya dhahabu yaliyovizunguka, na mabati hayo yalikutwa yamewekwa kinyume, la kulia mguu wa kushoto na la kushoto mguu wa kulia. Hebu fikiri waliomvisha walikuwa katika hali gani. Mimi nikifika kwenye viatu vile husahau habari ya utajiri. Naona ndugu waliokuwa wakifanya kazi ya mwisho kwa mtu wao, mikono ikitetemeka au mwanga ukiwa hafifu, na hakuna aliyerudi kusahihisha.

Kisha walifunika. Sufuria, gari na vyombo vilizungushiwa kitambaa, kuta zikatandikwa nguo, na marehemu mwenyewe akavikwa. Pembeni yake waliacha vitu vidogo alivyovitumia alipokuwa hai: kitana, wembe, kifaa cha kukatia kucha, ndoana za kuvulia samaki, podo la mishale. Kichwani alikuwa na kofia ya gome la mti, kama ya mkulima, yenye nakshi za duara. Mwanao akiuliza huyu mtu alikuwa nani, mwambie alikuwa mzee aliyependa kuvua samaki na aliyejitunza kucha. Hilo ataling'amua mara moja.

Kitanda chake ni kochi la shaba lenye urefu wa mita 2.75, na hakuna jingine kama hilo lililowahi kupatikana. Mwambie mtoto ainame atazame miguu yake. Kochi linabebwa na sanamu nane za wanawake, kila mmoja ameinua mikono juu na kusimama juu ya gurudumu dogo, hivyo kwamba kochi zima lingeweza kusukumwa. Wanawake hao wamepambwa kwa marijani, ambayo asili yake ni bahari ya Mediterania. Kwenye egemeo la nyuma kuna michoro iliyogongwa kwa nukta: gari la farasi, na watu wawili wawili wakicheza na panga. Upande wa pili wa chumba ni gari la magurudumu manne lililofunikwa chuma, na juu yake sahani tisa za shaba. Ukutani zilitundikwa pembe tisa za kunywea, nane za ng'ombe mwitu na moja ya chuma, kubwa kuliko zote, ambayo ingemeza lita 5 na nusu. Ile ya chuma ilikuwa upande wa kichwa chake. Sahani tisa na pembe tisa: mwenyeji na wageni wake wanane.

Na lipo sufuria la shaba la ujazo wa lita 500, lililotengenezwa na Wagiriki na kusafirishwa hadi kule. Ukingoni limekaliwa na simba watatu, na mmoja wao si wa mkono wa fundi yule yule. Inaelekea simba wa asili alipotea au aliharibika, fundi wa huko akatengeneza huyu wa kuziba nafasi. Watoto hupenda sana kumtafuta simba huyo, na wakimpata hawatoki hapo. Sakafuni mwa sufuria kulikuwa na mashapo meusi, na ndani yake chavua, yaani ule unga wa maua, ya maua ya aina nyingi mno. Chavua nyingi namna hiyo huletwa na nyuki. Ndivyo ilivyojulikana kwamba marehemu aliachiwa takriban lita 400 za pombe ya asali, ile ambayo Tanzania tungeiita wanzuki.

Kuhusu Ireland, hujakosea kabisa. Lugha za jamii ya Kikelti leo zinazungumzwa Ireland, Wales, Scotland na Brittany ya Ufaransa, na ndiko jina hilo linakosikika zaidi. Lakini Herodoto, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliwataja Wakelti akisema mto Danube unaanzia kwao, na Danube unaanzia Msitu Mweusi, si mbali sana na mnakoishi. Makaburi makubwa ya enzi za mkuu wa Hochdorf yametapakaa kusini mwa Ujerumani, mashariki mwa Ufaransa, Uswisi na Austria. Kule Vix, Ufaransa, mwaka 1953 lilipatikana kaburi la mwanamke aliyezikwa na chombo cha Kigiriki chenye kimo cha mita 1.64 na uzito wa kilo 208. Kwa hiyo usidhani wakuu hawa walikuwa wanaume tu. Kule Hallstatt, Austria, penye machimbo ya chumvi, kuanzia mwaka 1846 yalichimbwa makaburi karibu elfu moja, na jina la kijiji hicho ndilo wanaakiolojia wanalotumia kuiita enzi nzima. Lugha aliyozungumza mkuu wa Hochdorf haikuandikwa popote. Tunamwita Mkelti kwa sababu ya mahali, wakati na mila, na nakuomba ulichukue jina hilo hivyo hivyo.

Sasa vichwa vya wazee wetu. Sikulaumu kwa kuyaunganisha mambo haya mawili. Mtu wa Tanzania aingie makumbusho ya Ujerumani asikumbuke hilo, atakuwa amejizuia kwa makusudi. Enzi za ukoloni mafuvu na mifupa ya watu wetu ilichukuliwa kwenye vita, kwenye miti ya kunyongea na kwenye makaburi, bila ruhusa ya ndugu, ikapelekwa Ulaya kupimwa na watu waliotaka kuthibitisha kwamba sisi ni duni. Kule Berlin, Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia ilirithi mafuvu takriban 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba (DNA) vimeyahusisha baadhi yao na ndugu walio hai Tanzania, mojawapo likiwa la mshauri wa Mangi Meli, yule mtawala wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Mwaka huohuo Rais Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha. Kwa familia ambazo bado hazijarudishiwa mtu wao, msamaha huo haujamaliza kazi.

Kaburi la Hochdorf halikuporwa kwa dharau. Lilichimbwa kwa sababu plau ilikuwa inaliangamiza, katika nchi yao wenyewe, na hakuna ndugu aliyenyang'anywa. Hata hivyo sitakuambia kuwa kufukua kaburi ni jambo jepesi kwa kuwa limefanywa na wataalamu. Yule mtu alizikwa ili akae palepale. Wenyewe Wajerumani wanalijadili hili, na Chama cha Makumbusho cha Ujerumani kilitoa mwongozo mwaka 2013, kikaufanyia marekebisho mwaka 2021, kuhusu namna ya kuyatunza na kuyaonyesha mabaki ya binadamu. Una haki ya kumuuliza mwongozaji wa makumbusho swali hili ana kwa ana. Uliza kwa upole, subiri jibu. Makumbusho inayojiheshimu haitakasirika.

Vipimo vya aina hiyohiyo vya vinasaba vimetoa habari ya mkuu wa Hochdorf ambayo naamini itakugusa. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima watu 31 waliozikwa kwenye makaburi ya aina hii kusini-magharibi mwa Ujerumani. Mtu wa Hochdorf, na mtu aliyezikwa Grafenbühl, Asperg, umbali wa kilomita 10 hivi, wameonekana kwa uwezekano mkubwa kuwa mjomba na mpwa. Dada wa mtu wa Hochdorf ndiye mama wa yule wa Grafenbühl. Watafiti wanaamini kwamba uongozi ulipita upande wa mama. Kwa Mmakonde wa Newala au Mluguru wa Morogoro hilo halihitaji kufafanuliwa, lakini Wajerumani wengi lilikuwa jambo jipya kwao. Asperg ni jirani zenu kabisa hapo Ludwigsburg. Mwanao anaweza kuonyeshwa mlima wa Hohenasperg akaambiwa kwamba mpwa alizikwa chini yake.

Mikosi sasa. Mimi ni mwanaakiolojia. Sina elimu ya kusema juu ya mambo ya ghaibu, na sitamdharau mama mkwe kwa kusema anachokiamini. Ninaloweza kusema ni kwamba watoto wa maelfu ya familia za eneo lile wamepita mbele ya chumba hicho tangu mwaka 1991, na kwamba udongo wa kaburi, mwili na mifupa havimo ndani ya chumba kilichojengwa upya. Kama dini yenu ni Uislamu, na salamu yako inaniambia hivyo, unajua kuwa kuzuru makaburi kumeruhusiwa ili watu wakumbuke mauti. Kama kuzuru mfano wa kaburi la watu wa kale kuna hukumu yake, muulize sheikh wenu wa hapo mjini, na mama mkwe asikilize jibu akiwapo. Litampunguzia mzigo kuliko maelezo yangu. Na mkienda Tanga likizo, mpelekeni mtoto Tongoni. Yale makaburi ya nguzo yaliyopachikwa mabakuli kutoka ng'ambo yatamwonyesha kwamba hata pwani yake, wazee waliwapamba wafu wao kwa vitu vilivyovuka bahari.

Basi tumrudie mtoto mwenyewe. Taa inayowaka usiku na jeneza alilolitazama kwenye simu ndivyo vitu viwili vya kuzingatia. Mtoto wa umri huo anajua kifo ni cha moja kwa moja, lakini mara nyingi kichwani mwake kuna pengo: babu alibebwa, halafu ikawaje? Simu ilimwonyesha anaondoka, haikumwonyesha anafika wapi. Mtoto hujaza pengo kwa picha anazojitungia mwenyewe, na picha hizo mara nyingi huwa za kutisha kuliko ukweli. Kabla hujamweleza habari za Hochdorf, mweleze mazishi ya babu. Nani walimuosha, sanda ilikuwa ya rangi gani, nani waliingia kaburini kumpokea, mliomba dua gani, mlikula nini baada ya pale. Muoneshe picha ya mahali alipolala, kama ipo. Msimchanganye kwa maneno kama "babu amelala" au "amesafiri", maana mtoto anayeogopa giza akisikia kifo ni usingizi hatataka kulala. Mpe nafasi ya kuuliza, hata maswali yanayokuumiza.

Baada ya hapo ndipo Hochdorf inakuwa na maana. Mwambie ataona chumba walichokijenga watu ili kumuaga mzee wao, kwamba kina mwanga mdogo, kwamba hakuna mwili wa mtu, na kwamba akitaka kutoka anaweza kutoka wakati wowote. Ile ya kutoka ni muhimu, na mwalimu lazima aikubali mapema. Nje ya jengo kuna nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa Wakelti, kwa kuwa makumbusho yenyewe yamekaa juu ya makazi ya kale. Mtoto akizidiwa, akae kule na mwalimu mmojawapo. Vilevile tuta limejengwa upya mahali pake pembeni ya kijiji, la wazi na lenye nyasi, halitishi.

Una njia tatu. Ya kwanza, aende na darasa, wewe ukiwa umeongea na mwalimu. Ya pili, ambayo ningeichagua kama angekuwa wangu, ni nyinyi wawili mtangulie siku ya mapumziko, bila wenzake wa kumcheka, mkae muda anaoutaka yeye, kisha aende tena na darasa akiwa mwenyeji. Ya tatu ni kutokwenda, na sioni aibu ndani yake iwapo mtoto mwenyewe baada ya kuelezwa vizuri anasema hataki. Ila tahadhari: safari ya darasa Ujerumani huhesabiwa kuwa siku ya masomo. Usimfungie ndani ukasema anaumwa. Mwandikie mwalimu ukweli, "amefiwa na babu yake, bado hajatulia, naomba tushauriane". Walimu wengi huelewa, na utaratibu wa kumpa kazi nyingine siku hiyo upo.

Njia ambayo singeishauri ni kumlazimisha ili "azoee". Hofu ya msiba haiondoki kwa kusukumwa.

Kuhusu taa: miezi michache ya kulala taa ikiwaka baada ya kufiwa ni kawaida, iache iwake. Mpeleke kwa daktari wake wa watoto kama ameanza kukojoa kitandani ilhali alishaacha, kama ndoto za kutisha zinamwamsha usiku mwingi kwa wiki kadhaa, kama anakataa chakula au shule, au kama anazungumzia kutaka kufa ili amfuate babu. Hili la mwisho usilisubirishe hata siku moja. Daktari anaweza kuwaelekeza kwa mtaalamu wa saikolojia ya watoto, na huduma hiyo hulipiwa na bima ya afya ya lazima. Miji mingi ya Ujerumani ina pia vikundi vya watoto waliofiwa, na mshauri wa shule atajua kilicho karibu nanyi. Ikiwa Kijerumani kinakupa shida kuelezea mambo ya moyoni, omba mkalimani mtu mzima, usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri habari zake. Na wewe, dada, ulizika baba kisha ukaanza kubeba hofu ya mtoto. Ukikutana na daktari huyo, jitaje na wewe.

Kabla ya kwenda piga simu makumbusho uulize siku wanazofunga na kama siku hiyo kuna mwongozaji wa watoto. Waulize pia waziwazi kama kwenye vyumba vingine, au kwenye maonyesho ya muda, kuna mifupa halisi ya binadamu. Swali hilohilo waulize Stuttgart mkipanga kwenda kuona dhahabu ya asili. Ukishajua kilichomo, mwambie mtoto kabla hamjaingia mlangoni.